AFYA YAKO: TUSITENGENEZE CHAJA YA KOMPYUTA KWA KUBAHATISHA

Mwaka 1973 nchi yetu ilifanya kampeni kubwa ya afya. Kampeni hiyo iliitwa Mtu ni Afya. Wananchi walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, walisoma vitabu na kujadiliana. Kisha walichimba vyoo, walifyeka majani na kufukia madimbwi. Maadui wa wakati ule walikuwa malaria, kichocho, minyoo na kuhara.

Maadui wale bado hawajaisha. Lakini siku hizi ameingia mgeni mwingine nyumbani kwetu. Mgeni huyo ni umeme. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, uliwekwa na sheria ya mwaka 2005. Tangu hapo nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi. Mahali ambapo nguzo hazijafika, watu wengi wana umeme wa jua.

Umeme ni rafiki. Unatupa taa. Unasaga nafaka. Unatunza chanjo katika zahanati. Lakini umeme hauonekani kwa macho, wala haunusi, wala haulii. Mtu anaweza kuugusa kabla hajajua kuwa upo. Kwa sababu hiyo umeme ni jambo la afya, kama vile maji machafu ni jambo la afya.

Somo la leo ni juu ya kitu kimoja kidogo. Kitu hicho ni chaja ya kompyuta ndogo, ile ya kubeba mkononi, ambayo watu huiita laptopu. Leo kompyuta hizi ziko katika shule za vijiji, ofisi za kata, zahanati na vyama vya ushirika. Chaja zake huharibika mara kwa mara. Zinapoharibika, wengi wetu huchukua kisu na nailoni tukazitengeneza wenyewe. Tuone hatari yake.

MFANO

Tuchukue mfano wa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba. Kompyuta ya chama ina hesabu za kilo za kila mkulima. Kesho ni siku ya malipo. Jioni hii waya wa chaja umekatika, na betri ya kompyuta imekwisha. Mji uko mbali, na gari limekwisha kuondoka. Wakulima watakuja asubuhi, nao wanataka haki yao.

Karani afanye nini? Anaona waya umekatika mahali pamoja tu. Anafikiri hivi: "Nitaumenya kwa meno, nitausokota, nitaufunga kwa nailoni. Kazi ya dakika 5."

Ndugu msomaji, karani huyu si mjinga wala si mvivu. Ana shida ya kweli, na anataka kuwasaidia watu. Hivyo ndivyo ilivyo kwa wengi wanaotengeneza chaja nyumbani. Kwa hiyo haitoshi kuwaambia "usifanye." Lazima tujue kwa nini ni hatari, na tujue njia nyingine iliyo salama.

CHAJA INAFANYA KAZI GANI?

Chaja ina sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni waya unaotoka ukutani. Waya huu una plagi. Ndani yake unapita umeme wenye nguvu ya volti 230. Huu ndio umeme wa nyumba zetu.

Sehemu ya pili ni kisanduku cheusi. Kisanduku hiki hupunguza nguvu ya umeme. Hupokea volti 230 na kutoa volti 19 au 20 hivi. Pia hubadili aina ya umeme, ili ufanane na umeme wa betri.

Sehemu ya tatu ni waya unaotoka katika kisanduku kwenda kwenye kompyuta. Waya huu hubeba umeme uliokwisha punguzwa.

Tazama chaja yoyote ya kompyuta. Utaona karatasi ndogo yenye maandishi. Tafuta neno INPUT. Maana yake ni umeme unaoingia. Mara nyingi imeandikwa 100-240 V. Kisha tafuta neno OUTPUT. Maana yake ni umeme unaotoka. Kwa mfano imeandikwa 19 V na 3.42 A. Herufi V ni volti, yaani nguvu ya kusukuma umeme. Herufi A ni ampea, yaani wingi wa umeme unaopita. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati. Volti 19 mara ampea 3.42 ni wati 65 hivi.

Sasa kumbuka jambo hili. Waya wa ukutani unaweza kuua mara moja. Waya wa upande wa kompyuta si rahisi kuua kwa kuugusa, lakini unaweza kuchoma nyumba. Kisanduku cha katikati kina hatari zote mbili.

UMEME UNAFANYA NINI MWILINI?

Mwili wa mtu una maji na chumvi. Maji yenye chumvi hupitisha umeme. Ngozi kavu huzuia umeme kidogo. Ngozi yenye jasho au maji haizuii vizuri. Mtu asiye na viatu, aliyesimama juu ya sakafu yenye unyevu, yuko katika hatari kubwa zaidi. Umeme utapita mkononi, kifuani na miguuni hadi ardhini.

Umeme unaopita mwilini hupimwa kwa miliampea. Ampea moja ina miliampea 1,000.

Miliampea 1 hivi: mtu anasikia mtekenyo.

Miliampea 10 hivi: misuli ya mkono inakaza. Mtu anashindwa kuachia waya. Ndiyo maana watu husema umeme "umemng'ang'ania."

Miliampea 30 hivi: kupumua kunakuwa kugumu. Ukiendelea kupita, moyo unaweza kuingia katika hatari.

Miliampea 50 hadi 100 au zaidi: moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Unatetemeka tu bila kusukuma damu. Mtu hufa katika dakika chache asipopata msaada.

Chaja ya wati 65 huchukua ukutani miliampea karibu 300. Soketi yenyewe inaweza kutoa umeme mwingi kuliko huo mara nyingi. Kwa hiyo mtu asiseme, "Hii ni chaja ndogo tu, haiwezi kuniua." Umeme unaotosha kuwasha kompyuta moja unatosha kabisa kusimamisha moyo wa mtu.

MAKOSA SITA YA HATARI

Kosa la kwanza: Kusokota waya na kufunga kwa nailoni.

Ndani ya waya kuna nyuzi nyingi nyembamba za shaba. Ukizisokota kwa mkono, zinagusana mahali pachache tu. Umeme wote hupita mahali hapo padogo. Pale panapata joto. Kila siku waya unapopindwa, mafundo yanalegea, na joto linazidi.

Nailoni ya mfuko huyeyuka kwa joto. Plasta ya kidonda hunyonya jasho na unyevu. Karatasi ya gundi hubanduka. Nyuzi zikibaki wazi hugusana. Hapo inatokea shoti, yaani umeme unapita njia ya mkato kwa wingi mkubwa. Cheche huruka. Ikiwa karibu kuna godoro, chandarua, pamba au karatasi, moto unawaka.

Tena waya wa upande wa kompyuta una ujenzi wake. Chaja nyingi zina waya mmoja katikati, na nyuzi nyingine zimeuzunguka kama ala inavyozunguka panga. Kati yao kuna plastiki nyembamba tu. Mtu anayemenya kwa meno au kisu huikata plastiki hiyo bila kujua. Baadhi ya chaja zina uzi wa tatu, mwembamba sana, unaoiambia kompyuta kuwa chaja ni ya aina yake. Ukiunganisha nyuzi kinyume, kompyuta inaweza kuharibika mara moja, pamoja na kumbukumbu zake.

Kosa la pili: Kuchomeka waya mtupu katika soketi.

Plagi ikivunjika, wengine huitupa. Wanachukua nyuzi mbili wazi na kuziingiza katika matundu ya soketi. Kisha wanazikaza kwa vijiti vya kiberiti au kalamu. Hili ni jambo baya sana. Mtu akijikwaa kwenye waya, nyuzi zinachomoka na kuanguka chini zikiwa bado na umeme, au moja inabaki ndani na nyingine inaning'inia. Mtoto anayetambaa huikuta pale. Mkono wake ni laini na una mate.

Kosa la tatu: Kuweka waya mahali pa fyuzi.

Katika plagi ya meno matatu kuna fyuzi. Fyuzi ni mlinzi. Umeme ukizidi, fyuzi hukatika ili waya usiungue. Wengine fyuzi ikikatika huweka kipande cha waya, msumari, au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Mtu huyo amemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango wazi. Fyuzi ikikatika, weka fyuzi nyingine yenye namba ile ile. Ikikatika tena, ujue kuna ubovu. Usilazimishe.

Vile vile usivunje jino la tatu la plagi. Jino lile refu ni la waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi. Kazi yake ni kupeleka ardhini umeme uliovuja, ili usipite katika mwili wako.

Kosa la nne: Kufungua kisanduku.

Kisanduku cha chaja kimefungwa kwa gundi. Kiwanda hakikutaka kifunguliwe, na kina sababu. Ndani yake kuna kifaa kinachoitwa kapasita. Kapasita huhifadhi umeme kama mtungi unavyohifadhi maji. Umeme uliomo unaweza kufika volti 300 na zaidi. Ukichomoa chaja ukutani, umeme huo unaweza kubaki ndani kwa muda. Mtu anasema, "Nimekwisha chomoa, ni salama." Anaingiza bisibisi, anapigwa.

Kuna hatari nyingine iliyojificha. Ndani ya kisanduku upande wa volti 230 umetengwa na upande wa kompyuta. Hakuna waya unaounganisha moja kwa moja umeme wa pande hizo mbili. Mtu asiyejua akiunga vibaya, anaweza kuvunja ukuta huo. Chaja inaweza hata kuonekana imepona. Lakini umeme wa ukutani sasa unafika hadi kwenye kompyuta. Anayepigwa si fundi yule. Anayepigwa ni mwalimu au mwanafunzi atakayeishika kompyuta kesho yake.

Kosa la tano: Kutumia chaja yoyote ambayo kichwa chake kinaingia.

Kichwa kuingia si dalili ya kufaa. Chaja moja inaweza kutoa volti 19, nyingine volti 12, nyingine volti 24, na vichwa vyake vikafanana. Volti zikizidi, kompyuta inaweza kuungua. Ampea zikiwa chache kuliko zinazotakiwa, chaja inaelemewa na kupata moto, kama punda aliyebebeshwa magunia kupita kiasi.

Kosa la sita: Kuunga waya wa chaja kwenye betri ya umeme wa jua.

Wengine hukata waya wa chaja na kuufunga moja kwa moja kwenye betri ya gari au ya sola. Wanasema, "Betri ni volti 12 tu, haina madhara." Ni kweli kwamba volti 12 hazimpigi mtu kwa kawaida. Lakini betri kubwa inaweza kutoa ampea mamia kwa mara moja. Nyuzi zikigusana, waya huwa mwekundu kama mkaa katika muda mfupi. Pete au bangili ikigusa pande mbili za betri huunguza kidole hadi mfupa. Tena betri ya asidi inapochajiwa hutoa gesi inayowaka. Cheche moja inaweza kuipasua, na asidi ikaruka machoni. Volti ndogo si kinga ya moto.

DALILI ZA CHAJA MGONJWA

Mganga humpima mgonjwa kwa kumtazama na kumgusa. Nawe ipime chaja yako hivi kila wiki.

Tazama. Je, ngozi ya waya imepasuka? Je, nyuzi zinaonekana? Je, plagi imebadilika rangi na kuwa ya kahawia au nyeusi? Je, panya wameitafuna?

Nusa. Je, kuna harufu ya plastiki inayoungua?

Sikiliza. Je, kuna sauti ya cheche inapochomekwa?

Shika kisanduku, si waya. Ni kawaida kiwe na joto kidogo. Lakini kikiwa cha moto hata huwezi kukishika, kina ubovu.

Ukiona dalili moja tu kati ya hizi, zima swichi ya ukutani kwanza. Kisha chomoa kwa kushika plagi, usivute waya. Usiitumie tena mpaka ipimwe. Ikiwa plagi yenyewe inaungua au imelowa maji, usiiguse. Zima swichi kuu ya nyumba.

UFANYE NINI CHAJA IKIFA?

Sasa turudi kwenye shida ya karani wetu. Yapo mambo ya salama anayoweza kufanya.

1. Ajaribu soketi kwa kitu kingine kizima, kama taa. Huenda chaja ni nzima na soketi ndiyo mbovu.

2. Atazame ni waya upi uliokatika. Katika chaja nyingi za kompyuta, waya wa ukutani unachomoka kwenye kisanduku. Ikiwa huo ndio uliokatika, hakuna haja ya kuunga. Anunue au aazime waya mwingine wa aina hiyo. Baadhi ya kompyuta za miaka hii hutumia waya unaochomoka pande zote mbili, kama wa simu. Huo nao hubadilishwa mzima.

3. Aazime chaja nyingine. Huenda shuleni, zahanati au ofisi ya kata kuna kompyuta ya aina hiyo. Asome namba kwanza. Volti ziwe zile zile. Ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Kichwa kiwe cha aina ile ile ya kompyuta hiyo.

4. Ampelekee fundi wa vifaa vya umeme aliyesomea kazi hiyo, kwa mfano katika chuo cha VETA. Fundi mzuri hasokoti waya. Hubadili waya wote wa upande wa kompyuta, huunga kwa risasi ya kulehemu, hufunika kila uzi peke yake kwa mpira, kisha hupima kwa mita kabla ya kukupa. Muulize: "Umebadili nini? Umepima volti ngapi? Ukiona kasoro utaipokea tena?" Fundi wa kweli hachukii maswali.

5. Kama ni lazima kununua, anunue dukani kwa risiti. Atafute alama ya ubora. Chaja ambayo ni nyepesi mno na bei yake ni ndogo mno itiliwe shaka. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi.

Na jambo la sita ndilo kubwa kuliko yote. Chama, shule au ofisi isitegemee chaja moja na kompyuta moja. Hesabu za kilo ziandikwe pia katika daftari, kila siku. Daftari halihitaji chaja. Mkutano wa wanachama upange fedha za chaja ya akiba, kama unavyopanga fedha za mizani na magunia. Hapo karani hatalazimika kuchagua kati ya malipo ya wakulima na maisha yake.

Ikiwa ni soketi au waya za nyumba zilizo mbovu, hiyo si kazi ya fundi wa kompyuta. Mwite fundi wa umeme wa majumba mwenye leseni ya EWURA. Muulize pia juu ya swichi inayokata umeme uliovuja. Swichi ya miliampea 30 hukata umeme kwa haraka sana mtu anapopigwa. Imeokoa maisha ya wengi.

JINSI YA KUTUNZA CHAJA

Waya wa chaja hukatika zaidi karibu na kichwa na karibu na kisanduku. Pale ndipo unapopindwa. Kwa hiyo usiuzungushe kwa kuukaza juu ya kisanduku. Ukunje kwa duara kubwa, kama kamba ya ng'ombe.

Iweke chaja mezani mahali penye hewa. Usiiweke kitandani, chini ya mto wala juu ya nguo. Usipitishe waya chini ya mkeka au mlangoni. Usiiguse kwa mikono iliyolowa. Mvua ya radi ikianza kukaribia, chomoa. Radi ikiwa imekwisha kuwa karibu, usiiguse tena.

Chaja iliyokufa usiichome ili upate shaba. Moshi wa plastiki ya waya una sumu, nao huumiza mapafu, hasa ya watoto. Usiwape watoto waichezee. Mpe fundi atumie vipuri vyake.

MTU AKIPIGWA NA UMEME

Yajifunze haya kabla ya ajali. Siku ya ajali hakuna nafasi ya kusoma.

Kwanza, usimshike kwa mkono. Ukimshika, nawe utapigwa. Zima swichi kuu ya nyumba. Ikishindikana, simama juu ya ubao mkavu au kitu cha plastiki, kisha msukume mbali na waya kwa mti mkavu. Usitumie chuma wala mti mbichi. Ikiwa ni waya wa nguzo ulioanguka, usisogee kabisa. Waweke watu mbali na uwaite TANESCO.

Pili, mwite na kumtikisa begani. Tazama kama anapumua. Tuma mtu akatafute gari na kumwita mhudumu wa afya.

Tatu, kama hasikii na hapumui sawasawa, mlaze chali juu ya kitu kigumu. Weka kiganja katikati ya kifua na kingine juu yake. Bonyeza kwa nguvu, kifua kizame kama sentimeta 5, kisha uachie. Fanya hivyo mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mpokezane mkichoka. Msiache mpaka apumue au msaada ufike.

Nne, kama anapumua lakini hana fahamu, mlaze ubavu. Usimpe maji wala chakula.

Tano, kama ameungua, mwagia jeraha maji safi ya kawaida kwa dakika 20, umeme ukiwa umekwisha zimwa. Mvue pete na bangili mapema. Funika kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, mafuta, samli, majivu, unga wala kinyesi cha ng'ombe. Vitu hivi huleta uchafu katika kidonda.

Sita, mpeleke zahanati au kituo cha afya hata kama anasema amepona. Jeraha la umeme hudanganya. Nje huonekana doa dogo, kumbe ndani nyama imeungua. Moyo nao unaweza kuvurugika baadaye. Mama mjamzito aliyepigwa na umeme lazima apimwe siku hiyo hiyo.

Moto wa umeme usiumwagie maji kabla ya kuzima swichi kuu. Maji hupitisha umeme. Tumia mchanga mkavu. Moto ukizidi, tokeni nje wote, na pigeni simu 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa umeme hauzibwi kwa nailoni.

Volti 230 zinaua. Volti 12 zinachoma.

Kuchomoa ukutani hakutoshi. Kisanduku kinaweza kubaki na umeme.

Fyuzi ni mlinzi. Usimwondoe.

Aliyeng'ang'aniwa na umeme, kata umeme kwanza, ndipo umguse.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Chaja ya kompyuta ina sehemu ngapi? Ni ipi yenye volti 230?

2. Kwa nini waya uliosokotwa kwa mkono hupata joto?

3. Someni maandishi ya chaja iliyopo karibu nanyi, ya simu au ya kompyuta. Inatoa volti ngapi na ampea ngapi?

4. Swichi kuu iko wapi katika nyumba yako, shule yenu na zahanati yenu? Je, kila mtu mzima anajua kuizima?

5. Je, ofisi au chama chenu kina daftari la akiba na chaja ya akiba? Kama hakina, nani atalipeleka jambo hili katika mkutano, na lini?

Ndugu msomaji, swali la nne lijibuni leo, si kesho. Simama sasa, nenda ukaitazame swichi kuu. Mwonyeshe mwenzako wa nyumbani na watoto waliokwisha pata akili ni ipi, na huzimwa namna gani. Kinga ni bora kuliko tiba.